Bamba la Kibokoni: kupeleka mawimbi ya gigahezi 60 nyuma ya jengo bila umeme wala mnara

Kisa hiki kinahusu kituo kidogo cha masomo kilichoko Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale wa Mombasa, ambacho kwa miaka kadhaa kilipata intaneti kwa mawimbi kutoka juu ya paa la jengo la ofisi lililo umbali wa mita 155. Antena mbili zilikuwa zikitazamana bila kizuizi, moja kwenye paa hilo na nyingine kwenye dirisha la ghorofa ya pili ya kituo, zikitumia masafa (yaani idadi ya mitetemo ya wimbi) ya gigahezi 5.8, mitetemo bilioni 5.8 kwa sekunde. Kisha nyumba iliyo katikati ikaongezwa ghorofa mbili. Ukuta mpya ulipanda mita 5 juu ya mstari ulionyooka kati ya antena hizo, tena ukiwa mita 40 tu kutoka dirishani kwetu, na tangu siku ulipopigwa plasta mtandao wa kituo ukawa wa kusuasua: asubuhi unafungua ukurasa mmoja mmoja, na saa za jioni, wanafunzi wanapojaa na majirani nao wamerudi nyumbani kuwasha ruta zao, haufungui kitu.

Niliitwa kuangalia jambo hilo nikiwa fundi wa mitandao, na ninaandika kisa chote, pamoja na makosa tuliyoyafanya njiani, kwa sababu suluhisho tulilolitumia ni la zamani sana katika elimu ya mawimbi na bado ni wachache kati yetu hapa pwani wanaolifikiria wanapokutana na jengo njiani. Tuliweka bamba la alumini la sentimita 60 kwa 60 juu ya paa la nyumba ya tatu, likakunja njia ya mawimbi kona kama kioo kinavyokunja mwanga. Halina waya wa umeme, halina betri, na hakuna ndani yake kifaa cha elektroniki kinachoweza kuungua.

Hali ilivyokuwa

Jambo la kwanza lilikuwa kujua tatizo ni nini hasa, kwa maana "mtandao hauendi" ni malalamiko yenye vyanzo vingi. Mawimbi yakikutana na ukingo wa jengo hayakatiki kabisa. Sehemu yake hupinda juu ya ukingo na kushuka upande wa pili, na kadiri masafa yanavyokuwa ya chini ndivyo yanavyopinda kwa urahisi zaidi. Kwa vipimo vyetu, yaani ukingo ulio mita 5 juu ya mstari, mita 115 kutoka antena ya kwanza na mita 40 kutoka ya pili, mawimbi ya gigahezi 5.8 hupoteza takriban desibeli 28 zaidi ya upotevu wa kawaida wa umbali. Ni hasara kubwa, kwani kila desibeli 10 ni kugawanya nguvu kwa kumi, lakini kwa umbali mfupi kama huu antena nzuri huweza kuivumilia. Kilichotuua kilikuwa kelele. Mji wa Kale una nyumba zilizobanana na karibu kila nyumba ina ruta yake. Masafa ya gigahezi 5 yamejaa, na mawimbi yetu yaliyodhoofishwa na ukuta yalifika dirishani yakiwa chini ya mazungumzo ya jirani. Kuongeza nguvu ya kutuma kungekuwa sawa na mtu kupaza sauti sokoni: wenzake nao watapaza.

Ndiyo maana tukaelekea kwenye gigahezi 60. Huko hakuna msongamano, na hata ukitokea, miale ya antena ni myembamba kiasi kwamba jirani hakusikii. Aidha, oksijeni iliyo hewani hufyonza masafa hayo kwa kiasi cha desibeli 15 kwa kila kilomita, jambo linaloonekana kama kasoro lakini kwa mji uliobanana ni baraka, kwa kuwa mawimbi yako hufa kabla ya kufika mtaa wa pili na kumsumbua mtu. Kwa mita 200 upotevu huo ni desibeli 3 hivi, nao unavumilika.

Tatizo ni kwamba gigahezi 60 haijui kupinda. Urefu wa wimbi lake ni milimita 5, na kwa ukingo uleule hasara ya kupinda inafika desibeli 38. Ukiijumlisha na upotevu wa umbali, tulikuwa tunatazamia kupokea nguvu ya karibu −82 dBm (desibeli zinazopimwa kutoka miliwati moja; kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo nguvu inavyokuwa kubwa) kwenye kifaa kinachohitaji angalau −62. Kupenya ukuta nako hakukuwa jambo la kujadili: nyumba za zamani za Kibokoni zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa nusu mita, juu zikabebwa na boriti za mikoko, na mawimbi ya milimita 5 hayatoki upande wa pili wa ukuta wa namna hiyo.

Zilikuwepo njia nyingine na tulizipima kwa haki. Kuchimba njia ya kebo kupitia vichochoro ambavyo mkokoteni wenyewe hupita kwa taabu, chini yake kukiwa na mabomba ya maji ya enzi na enzi, kungegharimu zaidi ya uwezo wa kituo. Kuinua mlingoti wa mita 8 juu ya paa letu kungeharibu sura ya mtaa ambao umewekwa chini ya uhifadhi, na mimi binafsi nisingeshiriki. Kuweka jozi ya pili ya vifaa kwenye paa la nyumba ya tatu, vipokee na kutuma upya, kungefanya kazi vizuri, ila kungehitaji umeme wa mwenye nyumba usiku na mchana, betri ya saa za kukatika, na mtu wa kupanda kila kinapogoma. Bamba halidai chochote katika hayo.

Kwa nini bamba dogo linatosha

Hapa ndipo penye kiini cha kisa, nami naomba msomaji asikimbilie mbele.

Kuakisi mawimbi ya redio kwa bati ni jambo la umri wa redio yenyewe. Mwanafizikia Mjerumani Heinrich Hertz, katika majaribio yake ya mwaka 1888, aliyarudisha mawimbi kwa mabamba ya zinki. Katikati ya karne iliyopita kampuni za simu za Marekani zilisimamisha milimani mabango makubwa ya chuma yasiyo na maandishi, kazi yake ikiwa ni kupokea miale ya simu kutoka bonde moja na kuitupa bonde la pili. Mwaka 1960 NASA, shirika la anga za juu la Marekani, lilirusha angani puto la Echo 1, lenye kipenyo cha mita 30 na ngozi ya plastiki iliyopakwa alumini, nalo lilikuwa kiakisi kitupu kilichorudisha ishara duniani bila kifaa cha kuzikuza. Mabango ya milimani yalikuwa makubwa mno, na fundi wa leo akisikia habari zake hudhani kwamba kiakisi chochote lazima kiwe kikubwa. Ukubwa huo ulitokana na umbali wa kilomita nyingi pamoja na urefu wa mawimbi ya wakati ule.

Hesabu ya kawaida ni hii: unachukua upotevu wa kipande cha kwanza cha njia, unajumlisha upotevu wa kipande cha pili, kisha unatoa faida ya bamba, yaani uwezo wake wa kukusanya nguvu na kuielekeza upande mmoja, mara mbili, kwa kuwa bamba hupokea na pia hutuma. Faida hiyo hupatikana kwa kuzidisha 4π kwa eneo la bamba na kosaini ya pembe ya kuingia, halafu kugawanya kwa mraba wa urefu wa wimbi. Njia yetu ilikuwa mita 150 kutoka jengo la ofisi hadi kwenye bamba, kisha kona ya digrii 90, kisha mita 40 hadi dirishani. Pembe ya kuingia kwa hiyo ni digrii 45, na bamba la sentimita 60 linapata faida ya desibeli 51 kwa gigahezi 60, lakini desibeli 31 tu kwa gigahezi 5.8.

Ukiimaliza hesabu, masafa yote mawili yanatoa jumla ileile ya upotevu: desibeli 109. Mara ya kwanza nilidhani nimekosea, nikairudia. Sikukosea; urefu wa wimbi unajifuta wenyewe, maana unavyozidisha upotevu wa vipande viwili ndivyo unavyozidisha faida ya bamba. Tofauti iko kwingine. Njia ya wazi ya mita 190, ambayo ni jumla ya vipande viwili, hupoteza desibeli 93 kwa gigahezi 5.8. Kwa hiyo bamba letu kwa masafa hayo ni kioo kibovu kinachopoteza desibeli 16 zaidi ya kioo kamili, na ili kuzirudisha desibeli hizo ungehitaji bamba la zaidi ya mita moja na nusu kila upande. Kwa gigahezi 60, njia ya wazi ya mita 190 hupoteza desibeli 114, ilhali hesabu inadai kwamba kupitia bamba tutapoteza 109, yaani kidogo kuliko kama jengo lisingekuwepo kabisa.

Hesabu inapotoa jibu zuri kupita kiasi namna hiyo, ni dalili kwamba umetoka nje ya mipaka yake. Fomula ile hudhani kwamba antena zote mbili ziko mbali na bamba, na kwa bamba la sentimita 60 na wimbi la milimita 5, "mbali" huanzia mita 144. Dirisha letu liko mita 40. Karibu kiasi hicho, bamba limekwisha kuwa kubwa kulingana na kanda ya Fresnel, lile duara ambalo ndani yake hupita sehemu kubwa ya nguvu ya mawimbi, na ambalo pale kwenye bamba lina nusu kipenyo cha sentimita 40. Bamba linaloijaza sehemu kubwa ya kanda hiyo linakuwa kioo kamili kwa tofauti ya desibeli chache, na kuliongeza ukubwa hakuongezi kitu cha maana. Kwa tahadhari nilichukua 114 kama makadirio, nikaongeza desibeli 3 za oksijeni na 2 za mapungufu ya ufundi, nikatarajia kupokea karibu −49 dBm.

Hilo ndilo ninalotaka lishikwe. Masafa ya juu ndiyo yanayoshindwa vibaya zaidi mbele ya jengo, na ndiyo hayohayo yanayogeuza kipande cha alumini cha ukubwa wa sinia kuwa kioo kamili. Mzigo haupotei, unahama: kutoka kwenye ukubwa wa bamba unakwenda kwenye unyoofu wake na kwenye shabaha.

Ruhusa

Paa lililofaa lilikuwa la bibi mmoja anayeishi na wajukuu zake, na juu yake pana kibanda cha ngazi kilichojengwa kwa matofali ya saruji miaka ya karibuni. Nilifurahi kukiona, kwa sababu ukuta wa matumbawe haushiki bolti vizuri na sikutaka kutoboa nyumba ya zamani. Nilikwenda na ustadhi wa kituo, tukabisha, tukakaribishwa barazani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ustadhi kanambia mwataka kuweka bati juu. Hilo bati halitatoa miale ikaja ikatuunguza na hawa watoto?"

Nilimwambia kwamba bamba ni kama kioo cha kabatini mwake: taa ikizimwa, kioo hakina mwanga wake chenyewe. Kinachopita hapo ni kidogo, kinapita juu ya paa, na hakishuki chumbani. Alinyamaza kidogo, akauliza kama litahitaji umeme wake, nikamjibu hapana. Akatoa masharti mawili, kwamba lipakwe rangi ya ukuta lisimetemete kama sufuria machoni mwa majirani, na kwamba tuhakikishe kunguru hawalifanyi baraza lao. Sharti la kwanza nilikuwa na jibu lake papo hapo, maana rangi ya kawaida ya unene wa sehemu ya kumi ya milimita haiwazuii mawimbi haya kuifikia alumini na kurudi. La pili nilifikiri ni jambo dogo, na hapo bibi aliona mbali kuliko mimi. Tuliieleza pia ofisi inayosimamia uhifadhi wa mtaa, kwa michoro na picha, kabla ya kutoboa tundu hata moja.

Bamba lenyewe

Wimbi la milimita 5 halisamehe bonde wala kilima. Bamba likiwa na mabonde ya milimita 1 kwa wastani, mawimbi yanayorudi kutoka sehemu mbalimbali hupishana na kupunguzana, na kwa pembe ya digrii 45 hasara inapita desibeli 13. Yakiwa ya sehemu tatu ya kumi ya milimita, hasara ni desibeli 1 na kitu. Tofauti hii ndiyo inayoamua kazi yote.

Jaribio letu la kwanza lilikuwa bati bapa la alumini lililokatwa kwa fundi wa vyuma huko Mwembe Tayari. Kwa macho lilikuwa limenyooka. Tulipolilaza juu ya meza, tukaweka rula ndefu ya chuma juu yake na kujaribu kupitisha karatasi za daftari chini ya rula, kati ya rula na bati zilipita karatasi kumi na mbili bila kugusa. Karatasi moja ina unene wa takriban sehemu ya kumi ya milimita. Bati lile lilikuwa na bonde la zaidi ya milimita moja katikati, na mkasi wa fundi ulikuwa umekunja kingo zake juu. Tulilirudisha.

Tulichokipata badala yake kilikuwa kwa fundi wa mabango ya maduka: zile mbao za milimita 4 zenye ngozi mbili nyembamba za alumini na plastiki katikati, ambazo mafundi wa mabango huzitumia siku zote kwa sababu hazipindi. Ngozi ya alumini ina unene wa sehemu tatu ya kumi ya milimita, na wengine waliohudhuria waliona ni nyembamba mno kuzuia mawimbi. Kwa gigahezi 60 mawimbi huingia ndani ya alumini kwa kina cha theluthi moja ya mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) tu, hivyo ngozi ile ni nene karibu mara elfu moja ya kina hicho. Ubao wa sentimita 60 kwa 60 ulikuwa na uzito wa kama kilo 2, na katika jaribio la rula karatasi mbili zilipita kwa shida, ya tatu ikakwama.

Ubao mwepesi una kasoro yake: upepo wa kusi ukivuma mita 20 kwa sekunde, husukuma eneo lile kwa nguvu kama ya mzigo wa kilo 10. Kwa hiyo tuliugandisha nyuma yake fremu ya alumini ya mraba, na fremu ikashikwa ukutani kwa bolti tatu ndefu za milimita 8, zilizopangwa pembetatu kwa nafasi ya sentimita 40. Bolti tatu zinatosha na ni bora kuliko nne, kwa kuwa ya nne hulazimisha bamba kupinda. Ukizungusha bolti moja duara zima, inasogea milimita 1.25, na mwale kule dirishani unahama sentimita 25. Robo duara ni sentimita 6. Huo ndio usukani wetu.

Kioo cha ukutani

Kupata shabaha ndipo tulipopoteza siku nzima, na makosa yalikuwa yangu.

Bamba likigeuka digrii moja, mwale unaoakisiwa hugeuka digrii mbili, na kwa umbali wa mita 40 hiyo ni mita 1 na sentimita 40. Mwale wenyewe, kwa kuwa dirisha liko karibu, una upana wa kama nusu mita tu. Kutafuta nusu mita hewani kwa kubahatisha huku mtu mmoja akisoma kipimo upande wa pili na kupiga simu, "bado, bado, bado," ni kazi ya kukatisha tamaa. Njia nzuri ni ya macho: unagandisha kioo kidogo bapa juu ya bamba, mtu anakaa mahali pa antena ya dirishani na darubini, na unageuza bamba mpaka aione ndani ya kioo antena ya jengo la ofisi. Kanuni ya mwanga na ya mawimbi haya ni moja, kwa hiyo jicho likiona, antena nayo itaona. Kioo kisiwe cha kunyolea chenye kukuza uso, maana kile kimebonyea. Tulinunua cha kawaida cha ukutani, tukakikata kipande cha sentimita 10.

Saa nne asubuhi kijana aliyekuwa dirishani alipiga kelele za furaha. Aliiona antena, aliona hata tangi jeusi la maji lililo kando yake. Tukakaza nati. Tukawasha vifaa. Hakuna kitu, si mawimbi dhaifu, hakuna kabisa.

Tulikagua vifaa, tukabadilisha kebo, tukasogeza antena ya dirishani huku na huku, tukashuku rangi, tukashuku ubao wenyewe, tukala chakula cha mchana tukiwa kimya. Alasiri, jua lilipohamia upande wa magharibi na kumulika ukingo wa kioo, ndipo nilipoona kwamba chini ya upande wake mmoja palikuwa na donge la gundi. Nilipima kwa karatasi zilezile: milimita moja. Milimita moja kwenye kioo cha sentimita 10 ni mwinamo wa zaidi ya nusu digrii, na mwale unahama mara mbili yake, yaani sentimita 80 kule dirishani. Kioo kilikuwa kikisema kweli juu yake chenyewe. Bamba lilikuwa linatazama ukuta ulio kando ya dirisha.

Tulikibandua, tukakwangua gundi, tukakibana safari hii bila gundi kabisa, kwa utepe kwenye kingo huku kikilala moja kwa moja juu ya bamba. Kijana akaangalia tena, tukageuza bolti ya kushoto duara tatu na kidogo, antena ikaonekana tena kiooni. Kipimo kikaonyesha −58 dBm mara ya kwanza kilipowashwa. Kuanzia hapo ilikuwa robo duara huku, robo duara kule, kila mara tukisubiri kipimo kitulie, hadi tukafika −51. Tofauti ya desibeli 2 na makadirio yangu sikuona haja ya kuifukuza. Tulitoa kioo, tukafunga nati za pili juu ya zile za kwanza ili zisilegee, na tukapaka rangi ya chokaa kama alivyotaka bibi.

Jioni hiyo kituo kilikuwa na kasi inayopita megabiti 900 kwa sekunde kati ya paa na dirisha.

Mvua, chumvi na kunguru

Kifaa kilipowekwa ilikuwa kaskazi, hewa kavu na upepo mpole, na nilikataa kukiita kimefaulu kabla ya masika kupita. Mvua ya milimita 100 kwa saa hufyonza gigahezi 60 kwa karibu desibeli 29 kwa kilomita, ambazo kwa mita 190 ni kama desibeli 6. Mwezi wa Mei ilinyesha ile mvua ya Mombasa inayofanya barabara kuwa mito, na kipimo kilishuka hadi −57, kikakaa hapo kama robo saa, kikarudi. Tulikuwa bado na desibeli 5 za akiba. Kwa njia ya mita 190 hilo linatosha. Mtu anayefikiria kutumia mbinu hii kwa kilomita moja na nusu, tuseme kutoka kisiwani kuvuka maji kwenda Nyali, aelewe kwamba mvua hiyohiyo itamkata kabisa, bamba au pasipo bamba.

Chumvi ni adui wa polepole zaidi. Alumini ikiguswa na chuma cha aina nyingine katika hewa ya bahari yenye unyevu, huliwa pale zinapokutana, hata kama bolti yenyewe ni ya chuma kisichoshika kutu. Tuliweka pete za plastiki kati ya kila bolti na fremu, na tukaziba kingo za ubao kwa silikoni ili maji ya chumvi yasiingie kati ya ngozi na plastiki, kwani ngozi ikiinuka kama malengelenge, unyoofu wote umekwenda.

Na kunguru walikuja, kama bibi alivyotabiri. Katika wiki ya tatu kipimo kilianza kutikisika kila asubuhi kati ya saa kumi na mbili na saa moja, desibeli 4 au 5 juu na chini, nami nikafikiria upepo, nikafikiria joto la jua likiipanua fremu. Nilipopanda alfajiri nilikuta kunguru wanne wamejipanga kwenye ukingo wa juu wa bamba, mikia yao ikining'inia mbele yake, na kila mmoja akitua fremu inatikisika. Tulivuta uzi wa kuvulia sentimita 5 juu ya ukingo, wakahamia kwenye antena ya televisheni ya nyumba ya pili.

Jambo moja limekuwa likiulizwa tangu majirani walipoona kazi: je, bamba hili haliwezi kuwapelekea na wao? Haliwezi, na ni vyema kusema wazi. Bamba bapa hupeleka doa moja la nusu mita mahali pamoja. Ukilibinua mgongo ili litawanye mawimbi kwa nyumba kumi, kila nyumba inapata sehemu yake tu ya nguvu ileile iliyolifikia bamba, na kwa kuwa hakuna kifaa cha kukuza, hakuna pa kuiongeza. Kuna tafiti nyingi sasa za nyuso zinazoweza kubadilisha mwelekeo wa mawimbi kwa amri ya kompyuta, lakini hizo zinahitaji umeme na udhibiti, na hazijafika kwa fundi wa mabango. Kwa mahali pawili palipojulikana na kona moja isiyohama, bamba la kawaida linatosha. Kwa mtaa mzima, ni bora kuweka kituo cha kutuma mawimbi mahali panapouona mtaa.

Tumeandaa ratiba ya ukaguzi mara mbili kwa mwaka, kabla ya kusi kuanza na baada ya vuli kuisha: rula na karatasi, nati, silikoni, na uzi wa kunguru. Katika ukaguzi wa mwisho kipimo kilikuwa −52. Bolti ya chini ilikuwa imeanza kuonyesha unga mweupe pale pete ya plastiki ilipopasuka, tukaibadilisha pamoja na pete yake, tukarudisha bamba robo duara kushoto, na ikarudi −51.